Bado Kumi

Binti wa kwenye simu, hujambo.
Nimekuegemeza kwenye kopo la kahawa,
kopo limeegemea cherehani,
na cherehani, kama mimi, ina goti linalolia.
Saa kumi na moja na nusu. Pasua bado giza,
jogoo wa Mama Ndeshi amewika mara moja, akaghairi.

Nyuma yako pana bahari na zulia jeupe.
Nyuma yangu pana sare za shule thelathini na mbili
hazijatiwa vifungo.
Meza nimeisogeza, mkeka nimetandika,
chupa mbili nimezijaza mchanga wa fundi Kileo
(sijamwambia).
Haya. Anza.

Unasema: bado kumi.
Nachuchumaa, nasimama, nachuchumaa.
Unasema: bado kumi nyingine.
Binti, huko kwenu kumi ina ngapi?
Nywele zako hazisogei hata kidogo.
Mimi kufikia ya nne kanga imelowa,
na mjukuu wangu Aikande, kitandani na mkate wa jana,
ananihesabia:
moja, mbili, tano, tano, tano.

Daktari wa Mawenzi hakunitisha.
Aliandika namba kwenye karatasi, akaizungushia duara,
akasema, mama, hii ishuke kabla ya Pasaka.
Niliikunja, nikaitia kwenye kijaluba cha sindano.
Kila nikitafuta sindano
karatasi ndiyo inayotangulia kunichoma.

Nisikudanganye.
Jumatatu nilifanya.
Jumanne nilisingizia mvua, kana kwamba nafanyia nje.
Jumatano palikuwa na msiba Uru, nikala machalari sahani mbili
kwa heshima ya marehemu, aliyependa kula.
Alhamisi nilikutazama tu, nimelala, chai kifuani,
unavyorukaruka,
nikajiambia hata kutazama nako ni kitu.
Si kitu.

Kiuno nakipima kwa futi kamba ya kazini,
ile ile ninayowapimia maharusi.
Wao huwaongezea inchi kwa siri wanapotaka niwabane.
Yangu siichezei. Miezi miwili
imepungua unene wa uzi.
Nilitaka kulia, kisha nikakumbuka mimi ni fundi:
koti zima linashikwa na nini?

Halafu juzi nimetoka Mbuyuni na jora begani,
nikapanda ngazi za duka la Shirima hadi juu kabisa,
nimeshaketi ndipo nikagundua
sikusimama pale katikati
ninapojifanya natafuta namba kwenye simu.
Sikumwambia mtu. Nakwambia wewe.

Kunapambazuka. Mlima umetoka,
umekaa kama mtu aliyeoga mapema anasubiri wengine.
Mwanangu Elinami yuko huko juu,
kabeba hema na trei za mayai ya wageni.
Watu wanavuka bahari kuja kuupanda;
mimi nimezaliwa miguuni pake, geti sijalifikia.
Ninacho kidato hiki cha mlangoni:
juu, chini, juu, chini, mara ishirini.
Kwa hesabu zangu, Krismasi itanikuta Kibo.

Ila leo umeganda.
Bando limekwisha katikati ya "bado",
mguu wako hewani, mdomo wazi,
kiduara kinazunguka usoni pako kama nzi.
Bibi, anauliza Aikande, amechoka?

Nikautazama mkeka. Nikazitazama sare.
Kuacha kulikuwa rahisi, na sababu ninayo,
tena ya kampuni ya simu, si yangu.
Goti likalia.
Sita, nikasema. Saba.
Tano, akasema Aikande.
Nane. Tisa.
Kumi: kumi ya Pasua,
isiyozaa nyingine.

Shusha mguu, binti.
Nimekumalizia.